Amefiwa, Amenyeshewa, Ameibiwa: Kitenzi Ndo Kinaamua Nani Aingie Kwenye Sentensi

Kila ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania, inapotoka kunakuwa na ubishi ambao watu wanaufanya bila kujua kwamba wanabishana sarufi. Mmoja anasema fedha zimepotea, mwingine anamjia juu, hazijapotea, zimeibwa, na wa tatu anasema achaneni na fedha, semeni wananchi wameibiwa. Tukio ni lilelile, vitenzi vitatu, na kila mmoja anahisi mwenzake anaficha kitu. Na kweli kuna kitu kinafichwa. Ukisema zimepotea hujamtaja mtu yeyote na hakuna hata nafasi ya kumtaja, ukisema zimeibwa tayari umekubali kuna mwizi hata kama hujamtaja, ukisema wananchi wameibiwa umeleta na mtu aliyeumia.

Ndo maana naona habari ya aina za vitenzi inafundishwa vibaya. Tunakaririshwa kitenzi kikuu, kitenzi kisaidizi, kitenzi kishirikishi, T na Ts na t ndogo, tunafaulu mtihani halafu tunasahau, na hakuna aliyetuambia kazi kubwa ya kitenzi ni nini.

Tuanze na maana yenyewe. Wengi tunajua kitenzi ni neno linaloonyesha tendo, kwa sababu jina lenyewe limetoka kwenye kutenda. Inasaidia kuanzia lakini haitoshi, maana mtu aliyekufa ametenda nini? Anayelala, anayefanana na baba yake, anayestahili pongezi, hawa wanafanya kazi gani? Kufanana sio tendo, ni hali, ila ni kitenzi kabisa, kinabeba nafsi, wakati na ukanushi kama kawaida: wanafanana, walifanana, hawafanani. Kwahiyo bora tuseme kitenzi ni neno linaloeleza tukio au hali na kuwapanga wahusika wake. Hiyo sehemu ya pili, ya kuwapanga wahusika, ndo ninayotaka tukae nayo leo.

Fikiria kadi za harusi. Kuna kadi ya single, mtu mmoja tu mlangoni, kuna ya double, na kuna familia inayoruhusiwa kuingia watatu. Kila kitenzi kinazaliwa na kadi yake. Kufa ni single, anahitajika anayekufa basi, na huwezi kusema "Juma amekufa mbuzi". Kupiga ni double, mpigaji na mpigwaji. Kupa ni watatu, anayetoa, anayepokea na kitu chenyewe, na hiki ni kikali kuliko vyote kwa sababu hakuna Mswahili anayesema "nimepa" akanyamaza, lazima useme nimempa, nimewapa, nimekupa. Shuleni hivi vya double na kuendelea tunaviita vitenzi elekezi na vile vya single si elekezi. Mwanaisimu wa Kifaransa Lucien Tesnière ndiye aliyelipa jambo hili uzito, kazi yake kubwa ilichapishwa 1959, miaka mitano baada ya yeye kufariki, akaazima wazo la kemia kwamba kila atomu ina idadi ya mikono ya kushikia wenzake, na kitenzi nacho ni hivyohivyo.

Sasa kuna vitenzi ambavyo ukivichunguza havina mgeni kabisa, na hapo ndo lugha zinaanza kutofautiana. Mvua ikinyesha nani anafanya? Kiingereza hakikubali nafasi ya mbele ikae tupu, kwahiyo kinaweka "it", neno lisilomaanisha kitu hapo, "it is raining". Kifaransa nacho kinaweka "il" hivyohivyo, "il pleut". Kihispania kinasema "llueve" na kimemaliza, neno moja, hamna mtu. Sisi tunamtafuta mhusika hasa, tunasema mvua inanyesha, ila tuna na njia nyingine ninayoipenda sana, ya kukipa kitenzi mahali badala ya mtu: kumekucha, kumetulia, kunanuka. Ile ku- ya mwanzo sio mtu wala kitu, ni mazingira yote kwa pamoja. Mgeni anayejifunza Kiswahili akiuliza nani amekucha hakuna wa kumuonyesha.

Tukishaelewa kadi, mnyambuliko unakuwa kitu rahisi, maana vile viambishi vya mwisho kazi yake kubwa ni kuongeza au kupunguza wageni. Chukua kupika. Nimepika wali, wawili, mimi na wali. Nimewapikia wageni wali, ile -ia imefungua nafasi ya mtu wa tatu. Wali umepikwa, ile -wa imemtoa mpishi mlangoni, ukitaka kumrudisha anarudi kwa mlango wa nyuma na neno "na", umepikwa na Asha. Tumepikiana, hapo kila mmoja ni mpishi na ni mpikiwa. Na -ji- ya katikati inafanya mtu mmoja ashike kadi mbili, amejikata, mkataji ndiye mkatwaji. Vyote vinapangwa ndani ya neno moja: "hawakutupikia" ina ukanushi, ina wao, ina wakati uliopita, ina sisi, ina pika, ina kwa ajili yetu. Mwingereza anahitaji sentensi nzima kusema hilo, "they did not cook for us".

Kuna watu wanasema Kiswahili hakina maneno ya kutosha ukilinganisha na Kiingereza, na mfano wanaotoa mara nyingi ni wa vitenzi. Waangalie hapa. Kiingereza kina "remember" halafu kina "remind", maneno mawili yanayojitegemea, inabidi uyakariri. Sisi tuna kumbuka na kumbusha. Wao "fall" na "drop", sisi anguka na angusha. Wao "eat" na "feed", sisi la na lisha. Sasa huo ni upungufu wa nini? Ni mtambo tu tofauti, wao wameweka mzigo kwenye kamusi sisi tumeweka kwenye kiambishi, na Mturuki yuko upande wetu, kwake kujifunza ni "öğrenmek" na kufundisha ni "öğretmek", kufa ni "ölmek" na kuua ni "öldürmek", yaani kihalisi kufisha. Hapo kwenye kifo ametupita hata sisi, maana Kiswahili cha kila siku kimeweka neno la pembeni, kuua, na kufisha limebaki kwenye vitabu.

Kosa ambalo linasambaa sana ni kudhani kutendwa na kutendeka ni kitu kimoja. Sio. Sahani imevunjwa maana yake kuna mvunjaji, hata kama hatajwi, na ndo maana unaweza ukaongeza "na mtoto". Sahani imevunjika haina mvunjaji kabisa kwenye kadi yake, ukisema "imevunjika na mtoto" sikio linakataa palepale. Ile -ka imemfuta mtenda, sio kwamba imemficha. Halafu -ka hiyohiyo ina kazi ya pili, kuonyesha kwamba jambo linawezekana: barabara inapitika, mwandiko wake hausomeki, chakula kinalika. Mwingereza kwenye "break" habadilishi kitu, "the child broke the plate" na "the plate broke", umbo lilelile, anategemea mpangilio wa maneno tu kujua nani yupo na nani hayupo. Kwahiyo msomaji wa habari ukiona "makosa yalifanyika" na ukaona "makosa yalifanywa" usiyachukulie kuwa ni mtindo tu wa mwandishi, la kwanza limefunga mlango wa kuuliza na nani, la pili limeuacha wazi.

Halafu tuje kwenye kile ambacho kwangu ndo uzuri wenyewe wa vitenzi vyetu. Nimesema kufa ni single. Sasa angalia mtu akifiwa. Fa, ukiongeza ile -ia unapata fia, "mume wake amemfia", yaani kifo ni cha mume ila kimemwangukia yeye. Geuza kwa -wa unapata fiwa, "amefiwa na mume". Kitenzi cha mtu mmoja, kikaongezwa mtu aliyeumizwa na tukio, halafu huyo aliyeumizwa ndo akawekwa mbele kabisa ya sentensi, na aliyekufa akarudishwa nyuma kwenye "na". Ukijaribu kukitafsiri neno kwa neno kwenda Kiingereza hakiendi, hakuna namna ya kusema mtu amefanyiwa kufa na mtu mwingine, wanatafuta neno lingine la msibani.

Ila mpeleke Mjapani. Kijapani kufa ni "shinu", na mtu aliyefiwa na baba yake wanasema "chichi ni shinareta", kitenzi cha kufa kimewekwa kwenye hali ya kutendwa, kilekile tulichofanya sisi. Na sio hapo tu. Umetoka kazini bila mwavuli mvua ikakupata, sisi tunasema nimenyeshewa, wao wanasema "ame ni furareta", kunyesha kwa mvua kumegeuzwa kutendwa na aliyelowa ndo mwenye sentensi. Hawa watu na sisi hatujawahi kuwa na ukoo wa lugha mmoja, Kiswahili ni Kibantu na Kijapani kiko mbali huko, na bado kila upande uliona kwamba kifo cha mtu na mvua ya mtu vina mhanga, na mhanga anastahili nafasi ya mbele. Tofauti iliyopo ni kwamba sisi tunapitia hatua mbili, kwanza tunamuongeza kwa -ia ndo tunampandisha kwa -wa, Mjapani anamaliza kwa kiambishi kimoja.

Mvietinamu yeye amefika mbali zaidi kwenye hili la maumivu. Ana maneno mawili ya kutanguliza kitenzi, "bị" kwa yaliyokupata ukaumia na "được" kwa yaliyokupata ukanufaika. Kupigwa ni "bị đánh", kusifiwa ni "được khen". Yaani mara nyingi husemi jambo limempata mtu bila kuonyesha kama lilikuwa baya au zuri kwake. Na Mhispania gari likimfia njiani ana "se me", "se me rompió", limeharibika, kwangu. Sisi hapo hatuhangaiki, gari limeniharibikia, sahani imenivunjikia, simu imenizimikia. Ile -ka imemfuta mtenda na ile -ia imemleta anayebeba hasara, vyote kwenye neno moja.

Na kuibwa na kuibiwa ni mlango huohuo. Iba, kitu kinaibwa. Ibia, umemuibia mtu. Ibiwa, huyo mtu ameibiwa. Kwa kanuni kilichochukuliwa kimeibwa, aliyechukuliwa ameibiwa. Mtaani watu wanasema sana "simu yangu imeibiwa", na sioni sababu ya kugombana na mtu kwa hilo maana kila mtu anaelewa, lakini kwenye maandishi ya habari na ya kisheria tofauti hii ni ya kuilinda, kwa sababu inatenganisha mali na mhanga, na ukizichanganya mhanga ndo anapotea kwanza.

Hapa niongeze kitu kidogo kutoka Kilimanjaro. Mwaka 1990 wanaisimu Joan Bresnan na Lioba Moshi walichapisha uchambuzi wa Kichaga cha Vunjo wakikilinganisha na Kibantu kingine, hasa Kichewa cha Malawi, na moja ya mambo waliyoonyesha ni hili. Kwa Kiswahili "wageni wamepikiwa chakula" ni sawa, ila "chakula kimepikiwa wageni" kinakwaruza masikio ya wengi, yaani kwenye -iwa yule mnufaika ndo mwenye haki ya kupanda mbele. Kivunjo kinaruhusu wote wawili, mnufaika au chakula, yeyote anaweza kupandishwa. Ndugu wa ukoo mmoja, viambishi vinafanana kwa sura, lakini sheria za mlangoni ni tofauti. Kwahiyo anayesema lugha zetu za asili zote ni sawa tu maneno ndo yanabadilika, hajakaa akasikiliza.

Tugeukie vishirikishi, vile vya kuunganisha mtu au kitu na sifa yake kama "ni" ya "Juma ni mpole", maana hapo kuna swali moja haliishi: hivi "ni" ni kitenzi kweli? Haichukui nafsi, haichukui wakati, huwezi ukasema "nilini mwalimu". Wataalamu wameiita kitenzi kishirikishi kipungufu, na hilo jina limeeleza vizuri, ni pungufu kwa viambishi ila kazi yake ya kuunganisha inaifanya. Ukitaka wakati unahamia kwa "kuwa", nilikuwa mwalimu, nitakuwa mwalimu. Na hatuko peke yetu. Mrusi kwa sasa hasemi chochote katikati, "ya uchitel", mimi mwalimu, ila kwa wakati uliopita kitenzi kinatokea, "ya byl". Mwarabu hivyohivyo, "ana mudarris" bila kiunganishi, halafu zamani "kuntu". Ni kama lugha nyingi zimeona kwamba kwa jambo lililopo sasa hivi hakuna haja ya kitenzi kizito. Hata sisi tukiongea "Juma mpole sana" tunaidondosha na dunia haianguki.

Linalofanana na hilo ni "ana". Watoto wengi shuleni wanaamini -na- ya kwenye "ana gari" ni ileile ya "anasoma". Sio ya wakati hiyo, ni "na" ya pamoja, a-na, yeye na gari, na ndo maana ikienda zamani inarudi wazi: alikuwa na gari. Hatuna kitenzi chetu cha kumiliki kama "have" ya Mwingereza, tunasema mtu yuko pamoja na kitu. Mrusi anasema kitu kiko kwake, Mwarabu naye "indi sayyara", kwangu gari. Wenye kitenzi kama "have" wasidhani wao ndo kawaida ya dunia.

Visaidizi ndo vinaleta wakati na namna tukio lilivyokwenda. Alikuwa anasoma, amewahi kufika, hajaweza kulipa, kikuu kiko mwisho na kisaidizi kimebeba wakati mbele. Vingine vimezeeka mpaka vimekuwa viambishi. Ile -ta- ya atakuja asili yake ni kutaka, na bado unaiona nzima kwenye "atakayekuja". Ile -sha- ya ameshakula ni kwisha, amekwisha kula. Kwahiyo mtu wa Nairobi au Lubumbashi akisema "niko nakula" na Mtanzania akamcheka kwamba ameharibu lugha, naomba afikirie, kile ni kisaidizi kipya kinazaliwa, na Mhispania anafanya hivyohivyo kila siku na "estoy comiendo", estar yake ni ya kuwepo mahali kama "niko" yetu.

Watu wanasema pia Kichina hakina nyakati kwahiyo Wachina hawajali jana na kesho. Kitenzi "chi", kula, hakibadiliki kamwe, hiyo ni kweli, haijalishi nani wala lini. Lakini jana na kesho zinatajwa kwa maneno yake, na nyuma ya kitenzi wanaweka alama za namna tukio lilivyo, "chi le" limekamilika, "chi guo" nimewahi kula. Mganda yuko kinyume, yeye anatenganisha hata jana na leo ndani ya kitenzi: "nalabye" nimeona mapema leo, "nalaba" niliona siku zilizopita. Kiswahili kwa "niliona" hakijali kama ni asubuhi hii au 1985. Na Mturuki anakulazimisha useme habari umeipataje: "geldi", amekuja na nina uhakika, "gelmiş", amekuja nasikia hivyo. Sisi hilo tumemuachia "eti", ukitaka unaiweka, usipotaka hakuna anayekulazimisha.

Mwisho kuna vitenzi vya kuja. Vya Kiarabu viliingia zamani, safiri, jibu, samehe, fikiri, na unavitambua kwa sababu havikubali kubadilisha irabu ya mwisho, tunasema hasomi lakini hasafiri, asome lakini asafiri. Fikiri na tafakari mzizi wake ni mmoja, herufi tatu, f na k na r, na Kiarabu kinazungusha irabu na kuongeza herufi kupata maana mpya badala ya kubandika mkia kama sisi. Ila vilipofika pwani vikakubali mikia yetu, safirisha, jibizana, samehewa. Na vya juzijuzi vimefuata njia ileile bila kufundishwa na mtu: amenibloki, nimeblokiwa, tumeblokiana, hawezi kunibloki tena, na irabu ya mwisho inakaa palepale kama ya safiri, habloki, asibloki.